Shingo ya Jirani Yangu

Kwanza tuelewane: shingo yake haikuwa ndefu. Jengo letu zima pale Schaerbeek, Brussels, lilisema ni ndefu, padri alisema ni ndefu, hata daktari, mtu aliyesoma mpaka akaota mvi, alisema ni ndefu. Mimi nimeiona ikiwa tupu. Nimeipaka mafuta kwa mikono yangu hii, na nawaambia ilikuwa shingo kama yako na yangu. Uzito wa shaba ulikuwa umesukuma mabega na mbavu za juu kwenda chini, polepole, tangu utotoni, ndiyo maana shingo ikaonekana inapanda. Lakini nani ana haja na habari za mabega? Watu wanataka shingo.

Alihamia ghorofa iliyo chini yangu pamoja na binti yake, anayefanya kazi katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali. Ni Wakayan, watu wa milima ya Burma, na yeye mama mtu alikuwa amevaa shaba kuanzia mabegani hadi chini ya kidevu. Watu husema pete, lakini si pete. Ni kipande kimoja kirefu cha shaba ya manjano, kinene kama kidole, kimezungushwa na kuzungushwa shingoni kama kamba kwenye kigingi. Mimi ni mjane kutoka Bukavu, ninatunza wazee wa Kibelgiji majumbani mwao: ninawaogesha, ninawalisha, ninasikiliza hadithi zao za Kongo. Nilipokutana naye mara ya kwanza kwenye ngazi nilikodoa macho kama kila mtu, naye akapita akiambaa ukuta, akiwa amezoea.

Siku chache baadaye alibisha mlangoni kwangu, ameshika nusu ya ndimu iliyonyauka, akawa ananionyesha shingo. Nilidhani anaumwa koo. Nikamchemshia maji ya tangawizi, akayanywa yote kwa adabu, kwa mrija aliokuja nao mfukoni, maana kichwa chake hakikuweza kulala nyuma. Halafu akanionyesha tena ndimu, akaigusa shaba, akafanya kama anayesugua sufuria. Ndipo nikaelewa. Alitaka kung'arisha shaba yake, na ndimu za duka la jirani zilikuwa kavu. Jumamosi nikampeleka Matonge, mtaa wa maduka ya Waafrika, hatua chache kutoka Porte de Namur, tukanunua ndimu zenye maji na ukwaju. Ndani ya basi watu waliinua simu zao wakijifanya wanasoma ujumbe. Nilimwangalia mmoja kwa jicho langu la Bukavu mpaka akaiteremsha.

Tangu hapo akawa anapanda kwangu kila Jumamosi na beseni lake. Kifaransa chake kilikuwa kifupi na changu kina mifupa iliyovunjika, tukawa tunakutana katikati. Alikuwa akisugua shaba kwa ukwaju, mzingo kwa mzingo, kisha anapitisha kitambaa laini ndani, kati ya shaba na ngozi, anakivuta huku na huku kama mtu anayekausha mgongo wa mtoto. Huku anasimulia. Bibi yake ndiye aliyemvalisha, akiwa mtoto asiyejua bado kufunga nguo yake. Kwanza kipande kifupi; alipokua kikafunguliwa, kikawekwa kirefu zaidi. Alilia usiku wa kwanza na kujivuna asubuhi yake. Akiwa nayo shingoni alipalilia mpunga, alibeba kuni, alizaa. Jua likiwaka shaba inachoma, basi wanawake wa kwao huingia kijitoni na kujisugua kwa majani makavu huku wakisengenya waume zao. Nikamwambia kwetu nasi tunasengenya mtoni, ila shingo ziko wazi. Alicheka, na kicheko kilitoka kimenyooka, bila kichwa kuyumba.

Halafu vita. Hapo hatukuhitaji Kifaransa kingi, mimi na yeye.

Walikimbilia Thailand, na huko wanawake wenye shaba wakawekwa katika kijiji chao peke yao, chenye lango. Watalii walilipa langoni. Wanawake walikaa mbele ya vibanda wakifuma mitandio, na kazi yao kubwa haikuwa mitandio. Ilikuwa kutabasamu. Alinionyesha lile tabasamu hapo jikoni kwangu: midomo imefungwa, macho yametulia, kichwa kimeinama kidogo upande ule ambao mwanga unaiangukia shaba. Aliliwasha, akalizima. Nikamwomba asinionyeshe tena.

Wakimbizi wengine wa huko walipewa karatasi za kwenda nchi za mbali. Wenye shaba hawakupewa ruhusa ya kutoka. Nani afunge duka akiwa na bidhaa? Wenzake wengine walivua kwa hasira. Yeye alibaki nayo kwa sababu lile tabasamu ndilo lililolisha watoto. Binti yake hakuvalishwa kamwe, akakua, akatoka, akafika Ubelgiji, na baada ya miaka ya kusumbuliwa ofisini akafanikiwa kumleta mama yake. Kwa hiyo alifika hapa akiwa amekwisha kuvuka lango. Hivyo ndivyo alivyodhani.

Alikuwa Mkatoliki, kama wengi wa kwao, na mimi ndiye niliyempeleka parokiani kwetu. Akina mama wa Kivu tumejaa pale. Walimpenda mara moja, tena kwa dhati, siwasingizii. Kila mwezi wa sita parokia hufanya sikukuu ya mataifa, kila mtu avae ya kwao na alete chakula cha kwao. Mwaka ule wa kwanza walimweka kwenye kiti karibu na mlango wa ukumbi. Watu wakapanga foleni. Wabelgiji wazee waliozaliwa Kongo wakapiga picha, Wapoland wakapiga, na sisi Wakongo, watoto wa watu walioletwa kwenye maonyesho ya wazungu wakatazamwa katika nchi hii hii nyuma ya uzio, tukapiga pia, tena tukiwa tumemshika bega. Nyani haoni kundule. Nilipomwambia mwenzangu mmoja aiteremshe simu, akanijibu, "Maman, macho hayana pazia." Na pale kwenye kiti jirani yangu alikuwa analiwasha lile tabasamu.

Jumamosi alipanda na beseni, akakaa, hakusugua.

"Kule walikuwa wanalipa langoni," alisema. "Hapa wanaangalia bure."

Kisha akasema anataka kuivua. Hakuichukia, nielewe hivyo. Ni mkono wa bibi yake ule. Alitaka tu, kabla hajafa, atembee barabarani kama mwanamke anayekwenda kununua vitunguu. Alitaka shingo isiyotazamwa. Na akaniomba nisimwambie mtu pale parokiani sababu, maana sababu nayo watu wangeitazama.

Binti yake alikataa katakata. Alisema shingo itavunjika. Mama akanitafsiria huku akitikisika kwa kicheko: hayo ndiyo maneno ambayo waongoza watalii walikuwa wakiwaambia wageni ili washtuke vizuri, na mtoto wake aliyazoea tangu akitambaa kati ya vibanda. Kwao shaba hufunguliwa siku zote ikibadilishwa. Kinachotakiwa ni mikono ya mwanamke yenye nguvu. Akaniangalia mikono. Mikono hii inainua wazee wa kilo mia kutoka bafuni, basi nikasema haya.

Tulifanya mchana, dirishani kwangu, yeye kwenye kigoda na mimi nyuma yake, kama anayesukwa nywele. Ncha ilikuwa chini ya kidevu. Alinionyesha jinsi ya kuishika, mkono mmoja ukizuia, mwingine ukivuta kwenda nje na kuzunguka. Shaba ilikataa, halafu ikakubali kidogo, halafu ikakataa tena. Binti yake alisimama mlangoni ameziba mdomo. Kila mzingo uliofunguka ulitoa harufu ya ukwaju na ya jasho la zamani. Jua lilikuwa limeshageuka upande wa pili wa jengo nilipoutoa wa mwisho. Ngozi chini yake ilikuwa na madoa meusi na mistari, laini kama ya mtoto mchanga. Alishika kidevu chake kwa mikono miwili, akakaa hivyo, macho yamefungwa, tukamlaza.

Alikuwa na kizunguzungu siku kadhaa, akilala na kuamka, akijifunza kubeba kichwa chake mwenyewe. Mimi nilimpaka mafuta. Kisha akaanza kudai vitu. Alidai mto laini. Alidai maji kwenye glasi, bila mrija, akatupa kichwa nyuma akayamwaga nusu kifuani, akadai mengine. Alitaka kuona vidole vya miguu yake bila kuinama mwili mzima, akavitazama muda mrefu, akasema vimezeeka sana tangu alipoagana navyo. Shaba yenyewe aliiweka kwenye beseni chini ya sinki, na kila Jumamosi aliendelea kuisugua.

Lakini kitu kilichonifurahisha mimi kilikuwa kanisani. Yeye hukaa benchi la mbele yangu. Zamani, padri akisema tupeane amani, ilimbidi asimame na kugeuza mwili wote, miguu, kiuno, mabega, ili anifikie, na benchi zima likisubiri na kumtazama. Jumapili ya kwanza bila shaba aligeuza kichwa tu. Aligeuza kichwa juu ya bega, haraka, kama msichana aliyeitwa njiani, akanipa mkono huku akicheka. Nilisahau kumjibu amani. Nikaanza kulia mbele ya Sakramenti kama mjinga.

Katika kazi yangu ninamwogesha mzee mmoja wa mtaa wa Ixelles aliyekaa Kongo ujana wake. Ukutani kwenye ujia wake kuna picha za wanawake wetu wa zamani, wenye chale usoni, wenye vichwa vilivyofungwa tangu uchanga vikawa virefu. Chini ya kila picha pameandikwa mahali. Siku moja nilimuuliza mmoja wao alikuwa nani. Akafikiri kwa bidii, maskini, akasema, "Mwanamke wa huko." Nilikuwa nikiipita picha hiyo kila asubuhi na hasira zangu, nikidhani ugonjwa huo ni wa wazungu.

Sasa niwaeleze desturi yetu, la sivyo mtawachukia akina mama bure. Kwetu Kivu mwanamke akifiwa na mumewe, anavua mapambo yote, anakaa shingo tupu. Siku ya kuondoa matanga wanawake wenzake wanakuja na kitenge kipya, wanamkalisha katikati, wanamvalisha kwa nyimbo na vigelegele. Hawamuulizi kama yuko tayari. Mwenye msiba haulizwi. Mimi walinivalisha hivyo katika ukumbi ule ule wa parokia, na nisingevalishwa siku ile sijui kama leo ningekuwa hai. Wanawake hao hao.

Basi walipomwona jirani yangu ana shingo tupu, wao waliona msiba. Wengine walisema hospitali ya wazungu ndiyo iliyomvua, wengine walisema mtoto wake anamwonea haya. Walinidodosa, nikawajibu, "Mumuulize mwenyewe." Hawakumuuliza. Kifaransa chake kifupi, na mwenye msiba haulizwi. Wakakutana, wakachanga, na mimi wakanificha jambo lao kwa sababu mdomo wangu wanaujua.

Sikukuu ya mwaka wa pili ilikuja. Jirani yangu alivaa gauni la kawaida, la bluu, lenye kola wazi. Alikuwa amepika wali na mboga chungu za kwao, akasimama nyuma ya meza akigawa chakula kama wengine, na watu walipokea sahani wakasema merci wakaenda zao. Nilikuwa nakula sambaza zangu, vidagaa vya kwetu, kwa raha. Nilifikiri, tazama, amefika.

Kisha mama kiongozi wa kikundi chetu akapiga makofi katikati ya ukumbi. Wawili wakamshika jirani yangu mikono, wakamtoa nyuma ya meza, wakamkalisha kwenye kiti. Wimbo ukaanza. Niliujua wimbo: ni ule walionivalishia mimi.

"Bon, écoutez," kiongozi akasema. "Uyu mama ni mama yetu. Bazungu ba hôpital balimutosha shaba yake, heshima yake, na yeye ananyamaza tu juu iko mugeni. Donc sisi ba maman ba Kivu tumesema hapana! Muntu hawezi kutembea shingo butupu na batu bake bako. Leo tunamuvalisha!"

Vigelegele. Wakamfunga kitenge kiunoni. Halafu wakafunua sinia, na juu yake palikuwa na bomba la shaba. Bomba la fundi wa maji, lile linalopitisha maji ya moto, limekunjwa mzingo juu ya mzingo na kusuguliwa likawaka. Ndugu yake kiongozi ni fundi bomba. Alikuwa amelikata nyuma akaweka bawaba na kitasa kidogo. Ndani walikuwa wamelishonea pamba ili lisimuumize. Hiyo pamba ndiyo inayonikaba mpaka leo. Mtu fulani alikaa nyumbani kwake, baada ya zamu ya kusafisha ofisi za watu, akashona pamba ile kwa mkono, kwa upendo.

Walimvalisha. Kitasa kililia. Simu zikapanda juu ukumbi mzima. Naye jirani yangu akainamisha kichwa kidogo upande wa dirisha, akafunga midomo, macho yakatulia. Alikuwa ameliwasha.

Niliacha sahani. Sikumbuki kutembea, nakumbuka sauti yangu tu.

"Mumutoshe ile kitu, mumuvule! Hakufiwa na muntu! Ni yeye mwenyewe alikataa, alors mumutoshe!"

Wimbo ulikatika. Kiongozi alinitazama kama niliyemtemea mate.

"Weye!" akasema. "Wakati bwana yako alikufa, nani alikuvalisha? Si sisi? Leo njo unatupatisha haya mbele ya batu?"

Na ni kweli, ni wao. Mtu mmoja nyuma akasema asante ya punda ni mateke. Na wale waliokuwa wameshapiga picha, walioanza kurudi kwenye sahani zao, wakageuka tena wote, na safari hii hawakutazama shaba. Walimtazama yeye, usoni, kuona atafanya nini. Hakufanya kitu. Alitabasamu. Alitabasamu mpaka keki ikakatwa.

Nilimfungulia kitasa nyumbani kwangu, kwenye kigoda kile kile. Ilichukua kufumba na kufumbua. Alisema maneno mengi kwa lugha yao, taratibu, bila kunitazama, na binti yake akatafsiri akiwa anaangalia sakafu.

"Mama anasema wangechoka. Kule kijijini alijifunza, watu wanaangalia, wanachoka, wanaondoka. Walikuwa wameanza kuchoka. Ulipopiga kelele wakaanza upya."

"Mwambie nilitaka kumsaidia," nikasema.

"Anasema anajua. Anasema hata wale walitaka kumsaidia."

Mdomo uliponza kichwa, husema watu. Wangu uliponza shingo ya mwenzangu. Nilikasirika lakini, sifichi. Nilimkasirikia yeye pia, kwa kuniweka kapu moja na wenye bomba. Nikashuka naye hadi mlangoni kwake, nikapanda kwangu, nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi. Jumamosi iliyofuata hakupanda na beseni. Nilinunua ndimu zake hata hivyo, zikanyauka kwenye sahani.

Akina mama wale hawanisalimii mpaka leo, au wananisalimia kwa Kifaransa, jambo ambalo kwetu ni baya zaidi. Picha ilibandikwa kwenye ubao wa mlango wa kanisa: yeye, bomba, tabasamu. Chini yake pameandikwa kwa rangi ya dhahabu, "Dada yetu kutoka Asia." Hawakuandika jina. Nimesimama mbele ya ubao huo nikamkumbuka mzee wa Ixelles na ujia wake, nikaona nimekuwa nikimkasirikia peke yake kwa miaka. Mimi pia sijaandika jina lake hapa, lakini mimi aliniomba nisiliandike. Wao hawakumuuliza.

Jumapili moja ya Julai, siku ambayo hata Brussels ilikuwa na joto la kutoa jasho na feni zilikuwa zinazunguka kwenye madirisha ya parokia, alirudi kanisani. Alikaa benchi lake, mbele yangu. Shingoni alikuwa amezungusha mtandio, mmoja wa ile aliyoifuma kijijini, mzingo juu ya mzingo, kutoka mabegani hadi chini ya kidevu, ameubana kwa pini. Shaba haikuwamo, mtandio ulilala laini, lakini hapakuonekana hata kidole kimoja cha ngozi. Nilitazama pale kwenye kisogo misa nzima na sikusikia injili.

Padri akasema tupeane amani. Nikanyoosha mkono, nikangoja ageuze kichwa. Akasimama. Akageuza miguu, akageuza kiuno, akageuza mabega, mwili mzima, kama zamani, akanipa mkono.